Maneno ya Korti na Haki ya Mtu: Historia ya Istilahi za Sheria katika Bonde la Ufa la Kati

1. Utangulizi

Maneno kama vile mahakama, korti, hakimu, jaji, mshtakiwa, dhamana na rufani hutumika kila siku katika miji ya Kenya, na wasemaji wengi huyachukulia kuwa maneno ya kawaida yasiyohitaji kuelezwa. Hata hivyo, ukiyachunguza maneno hayo utaona kwamba baadhi yake yana maana inayoeleweka vema na kila mtu, hali mengine hufunika mambo mawili au matatu ambayo sheria yenyewe huyatenganisha kwa uangalifu mkubwa. Mtu anayesema kwamba mshtakiwa fulani "ameachiliwa" huenda anamaanisha kwamba ametolewa kwa dhamana, au mashtaka yameondolewa, au korti imesikiliza ushahidi wote na kumwona hana hatia. Kwa mwanasheria haya ni mambo matatu mbalimbali. Kwa jamaa wa aliyeuawa tofauti hiyo ni kubwa zaidi.

Makala haya yanakusudia kuchunguza istilahi chache za msingi za sheria kwa kufuata historia ya kesi zilizotokea au zilizohusu Nakuru na Bonde la Ufa la kati, tangu mwaka 1913 hadi miaka ya karibuni. Kila kesi inabeba istilahi moja kuu. Mfumo wa mahakama za Marekani utatumiwa kama kipimo cha kulinganishia, kwa sababu mbili. Kwanza, mfumo huo na ule wa Kenya ni matawi ya shina moja, yaani sheria ya Kiingereza, lakini matawi hayo yamekua kwa namna zisizofanana. Pili, wasemaji wengi wa Kiswahili siku hizi huijua korti kutokana na filamu za Marekani, hata huja na matarajio ambayo korti ya Nakuru haiwezi kuyatimiza, mathalani kwamba watu kumi na wawili wataketi kando na kuamua.

2. Chimbuko la Maneno

Kabla ya kuzitazama kesi zenyewe, inafaa kueleza kwa ufupi maneno ya korti yalikotoka. Kwa jumla yako mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahili katika miji ya pwani, ambako kadhi alihukumu kwa sheria ya Kiislamu kwa karne nyingi. Hakimu, hukumu na mahakama yote yanatokana na mzizi mmoja. Humo pia mna sheria, shahidi, wakili, dhamana, dai na shtaki. Maneno haya yalikuwa yamekwisha kukomaa kabla Mwingereza hajafika, na ndiyo sababu yanakubali viambishi vya Kibantu bila taabu yoyote: kutokana na dai tunapata mdai, mdaiwa na madai, kutokana na shtaki tunapata mshtaki, mshtakiwa na mashtaka.

Fungu la pili ni maneno ya Kiingereza yaliyofuata utawala wa kikoloni: korti, kesi, jaji, jela, faini, waranti. Maneno haya yalipanda bara pamoja na reli na serikali. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900. Mwaka 1902 jimbo lote lile liliondolewa katika himaya ya Uganda na kutiwa katika himaya ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1904 Nakuru ikatangazwa kuwa mji. Sheria zilizotumika hazikuwa za Kiingereza moja kwa moja. Kwa Amri ya mwaka 1897 himaya ile ilianza kutumia kanuni zilizotungwa kwa ajili ya Bara Hindi, ikiwemo Kanuni ya Adhabu. Kwa hiyo mkulima wa Molo, awe mlowezi au kibarua, alishtakiwa kwa kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya Kalkuta na Bombay.

Fungu la tatu ni maneno ya Kibantu yaliyokuwamo katika lugha tangu awali: mwamuzi na uamuzi kutokana na kuamua, mtetezi na utetezi kutokana na kutetea, kiapo kutokana na kuapa, pingamizi kutokana na kupinga. Kwa kawaida maneno haya yanaeleza kitendo kuliko cheo.

Neno shauri linastahili kutajwa peke yake. Asili yake ni Kiarabu na maana yake ya kwanza ni ushauri, yaani watu kukaa pamoja na kufikiri. Katika bara ya Kenya na Tanganyika wakati wa ukoloni neno hili lilipanuka hata likamaanisha kesi. Mtu aliyekuwa "na shauri" alikuwa na jambo la kupeleka mbele ya wazee au mbele ya Bwana Shauri. Kesi ina mshindi na mshindwa. Shauri halikuwa na lazima hiyo, maana lengo lake lilikuwa watu waondoke barazani wakiwa bado ni majirani. Serikali ya kikoloni iliyatenga mabaraza ya wenyeji na mahakama zake, ikayapa sheria yake mwaka 1930, kisha ikayageuza kuwa mahakama za Kiafrika kwa sheria ya mwaka 1951. Mwaka 1967 Kenya huru iliziunganisha mahakama zote katika mfumo mmoja. Tangu hapo kesi ndilo neno lililotawala mjini, na shauri likabaki zaidi katika hati na katika vinywa vya wazee.

3. Mamlaka ya Kusikiliza: Kesi ya Wamaasai, 1913

Istilahi ya kwanza ya kuchunguzwa ni ile inayotaja uwezo wa mahakama kulishughulikia jambo lililoletwa mbele yake. Kwa Kiswahili husemwa mamlaka ya kusikiliza kesi, au mamlaka tu. Swali la mamlaka hutangulia maswali mengine yote. Mahakama isiyo na mamlaka haiwezi kusema nani ana haki na nani hana. Hufunga jalada na kunyamaza.

Mwezi wa Agosti 1904 serikali ya himaya ilifanya mapatano na viongozi wa Wamaasai. Kwa mapatano hayo Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe wao katika Bonde la Ufa, pande za Naivasha, Elmenteita na Nakuru, walihamishwa ili ardhi ile wapewe walowezi. Wengine walipelekwa Laikipia, wengine kusini mwa reli, na ikaahidiwa kwamba mpango huo ungedumu muda wote wa kuwako kwa Wamaasai. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka saba. Mwaka 1911 yalifanywa mapatano mengine, na wale wa Laikipia wakatakiwa kuhama tena kwenda kusini. Parsaloi Ole Gilisho, kiongozi ambaye Waingereza walimwita Legalishu, na wenzake waliamua kwenda kortini. Kesi ilifunguliwa kwa jina la Ole Njogo na wenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ikasikilizwa Mombasa mwaka 1913.

Wadai walitaka mahakama itamke kwamba mapatano ya 1911 hayakuwafunga, kwa kuwa waliotia alama zao hawakuwa na idhini ya kuiuza haki ya wote, na kwamba mapatano ya 1904 yangali na nguvu. Mahakama haikuyafikia maswali hayo. Ilisema kwamba Wamaasai hawakuwa raia wa Mfalme wa Uingereza, bali wageni waliokuwa chini ya ulinzi wake. Kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya dola na dola. Na kwamba mkataba wa namna hiyo ni tendo la dola ambalo mahakama za kawaida hazina mamlaka ya kulichunguza. Rufani nayo ilikataliwa mwezi wa Desemba mwaka huohuo.

Hapa ulinganisho na Marekani una faida. Marekani ina mifumo miwili ya mahakama inayokwenda sambamba. Kila jimbo lina mahakama zake, kuanzia za chini hadi ya juu kabisa ya jimbo, na huko ndiko kesi nyingi za jinai, za ndoa na za mikataba huamuliwa. Pembeni yake ziko mahakama za shirikisho: mahakama 94 za wilaya, mahakama 13 za rufani, na juu yake Mahakama ya Juu yenye majaji 9 ambao huteuliwa na Rais, huidhinishwa na Seneti, na hudumu maisha yao yote wasipojiuzulu au kuondolewa kwa makosa. Mahakama za shirikisho husikiliza tu mambo ambayo Katiba na sheria zimezipa. Kwa hiyo swali la mamlaka huulizwa huko mara nyingi mno.

Mwaka 1831 taifa la Wacherokee lilikwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Juu ya Marekani kuzuia jimbo la Georgia lisiwanyang'anye ardhi. Walidai kwamba wao ni dola ya kigeni, na Katiba iliipa mahakama hiyo uwezo wa kusikiliza kesi baina ya jimbo na dola ya kigeni. Mahakama ilijibu kwamba Wacherokee si dola ya kigeni, bali taifa lililo ndani ya Marekani na linaloitegemea. Kwa hiyo haikuwa na mamlaka. Mwaka uliofuata, katika kesi nyingine iliyofunguliwa na mmishenari, mahakama hiyohiyo ilitamka kwamba sheria za Georgia hazikuwa na nguvu katika nchi ya Wacherokee, lakini tamko hilo halikuzuia wao kuhamishwa kwa nguvu mwaka 1838.

Kesi hizi mbili zikiwekwa pamoja zinaonyesha jambo la kushangaza. Wacherokee walifungiwa mlango kwa kuwa hawakuwa wageni. Wamaasai walifungiwa mlango kwa kuwa walikuwa wageni, tena katika nchi yao wenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi wa lugha hapaswi kuridhika na tafsiri ya "mamlaka" kama nguvu au ukubwa tu. Katika usemi wa kawaida mamlaka ni uwezo wa kutawala. Kortini ni mpaka wa uwezo huo. Sentensi "mahakama haina mamlaka" humfanya msikilizaji asiyeizoea korti afikiri kwamba mahakama ni dhaifu, kumbe huenda imetumia neno hilo kuilinda serikali.

4. Juri na Wazee wa Baraza: Nakuru, 1923

Istilahi ya pili ni juri. Baadhi ya waandishi hupendelea kusema baraza la waamuzi, wengine jopo la mahakama. Maana yake ni kundi la raia wasio wanasheria ambao huapishwa wasikilize ushahidi na kuamua ukweli wa mambo. Jaji huwaeleza sheria, husimamia utaratibu, na hutoa adhabu. Lakini kauli ya "ana hatia" au "hana hatia" ni yao.

Nchini Marekani haki hii imo katika Katiba. Marekebisho ya Sita ya mwaka 1791 humpa mshtakiwa wa jinai haki ya kuhukumiwa na juri, na Marekebisho ya Saba huihifadhi haki hiyo katika kesi nyingi za madai. Kwa desturi juri huwa na watu 12, ingawa majimbo mengine huruhusu wachache zaidi, na tangu uamuzi wa mwaka 2020 ni lazima wakubaliane wote ndipo mtu atiwe hatiani kwa kosa kubwa. Liko pia juri kuu, ambalo katika mahakama za shirikisho huwa na watu kati ya 16 na 23. Kazi yake hutangulia kesi yenyewe: halihukumu, bali huangalia kama pana ushahidi wa kutosha mtu ashtakiwe. Mfasiri anayeyaita yote mawili "juri" bila kuyatofautisha humpoteza msomaji kabisa.

Katika Kenya ya kikoloni juri ilikuwako, lakini ilikuwa haki ya Mzungu peke yake. Mwafrika au Mwasia aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na jaji akisaidiwa na watu walioitwa kwa Kiswahili wazee wa baraza. Hawa walitoa maoni tu. Jaji aliweza kukubaliana nao au kuyaacha maoni yao kando. Tofauti kati ya juri na wazee wa baraza, basi, haikuwa ya majina. Juri iliamua, wazee walishauri.

Matokeo ya utaratibu huo yalionekana Nakuru mwezi wa Agosti 1923. Mlowezi mmoja wa karibu na Molo, Jasper Abraham, alishtakiwa kwa kifo cha mtumishi wake aliyeitwa Kitosh. Kosa la Kitosh lilikuwa kumpanda farasi jike ambaye alitakiwa amrudishe nyumbani kwa kumwongoza kwa miguu. Alichapwa kwa muda mrefu, akafungwa kamba na kuwekwa ghalani, na usiku ule akafa. Kesi ilisikilizwa mbele ya Jaji Sheridan na juri ya Wazungu watupu. Kanuni ya Adhabu ya Kihindi iliyotumika wakati ule ilikuwa na ngazi kadhaa za makosa: kuua kwa kukusudia, kuua kusikofikia kiwango hicho, na kudhuru vibaya. Juri ilichagua ngazi ya chini: Abraham alionekana na hatia ya kudhuru vibaya, akafungwa miaka miwili. Kwa lugha ya hukumu ile mtu alikuwa amedhuriwa, hakuwa ameuawa, ijapokuwa alikuwa kaburini.

Kisa hiki kilijulikana duniani kwa sababu mwandishi wa Denmark, Karen Blixen, alikisimulia katika kitabu chake cha Out of Africa cha mwaka 1937. Ila haifai kudhani kwamba ubaya wake ulikuwa wa Kenya tu. Mwezi wa Septemba 1955, katika mji wa Sumner, jimbo la Mississippi, juri ya wanaume 12 Wazungu ilichukua muda wa kama saa moja kuwaona hawana hatia watu wawili walioshtakiwa kwa kumwua kijana Mweusi wa miaka 14, Emmett Till. Miezi michache baadaye watu hao walikiri katika gazeti kwamba walimwua. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekataza tangu mwaka 1880 sheria inayowazuia watu Weusi kuingia katika juri, lakini ilipofika mwaka 1986 tu ndipo ilipowakataza waendesha mashtaka kuwaondoa mmoja mmoja kwa sababu ya rangi yao. Neno juri, kwa hiyo, halibebi haki ndani yake. Swali la kuuliza daima ni nani wameketi humo.

Kanuni ya Kihindi iliondolewa Kenya mwaka 1930 na mahali pake kuwekwa Kanuni ya Adhabu iliyofuata sheria ya Kiingereza. Kenya ya leo haina juri. Wazee wa baraza nao waliondolewa katika kesi za Mahakama Kuu kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2007.

5. Kitenzi Kimoja: "Anataka Kufa"

Katika kesi ya Kitosh limo jambo linalowahusu wataalamu wa lugha kwa namna ya pekee. Daktari aliyeupasua mwili alisema kifo kilisababishwa na majeraha. Upande wa utetezi ukaleta maoni mengine ya kitabibu, kwamba majeraha peke yake hayakutosha, na kwamba marehemu mwenyewe alikuwa na nia ya kufa. Hoja hii ilitegemea ushahidi kwamba Kitosh alitaka kufa.

Kila msemaji wa Kiswahili anajua kwamba kitenzi taka kina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kueleza nia: anataka kusoma, anataka maji. Kazi ya pili ni kueleza jambo lililo karibu kutokea, liwe na nia au lisiwe nayo: mvua inataka kunyesha, ukuta unataka kuanguka, taa inataka kuzimika. Mvua haina nia, wala ukuta hauna. Mgonjwa akisemwa kwamba anataka kufa, maana ya kawaida ni kwamba yu karibu kufa, na mgonjwa mwenyewe akisema "nataka kufa" huenda analia tu kwamba roho yamtoka. Mkalimani anayelihamisha neno hilo kwa Kiingereza kwa maana ya kwanza amegeuza dalili ya mauti kuwa nia ya maiti.

Haidaiwi hapa kwamba kesi ile iliamuliwa na kitenzi hicho. Juri ya walowezi wa mwaka 1923 ilikuwa na sababu zake nyingine za kumhurumia mlowezi mwenzao. Linalodaiwa ni kwamba hoja ya aina hiyo inaweza kusimama tu mahali ambapo waamuzi hawaisikii lugha ya shahidi. Katika Bonde la Ufa ushahidi mara nyingi ulisafiri safari ndefu: kutoka Kinandi, Kikipsigis, Kikuyu, Kimaasai au Kiluhya kuingia Kiswahili, kisha kutoka Kiswahili kuingia Kiingereza, ndipo ukaandikwa. Katika kila kivuko neno liliweza kudondosha kitu.

Sheria ya Kenya ya mwenendo wa jinai bado yasema kwamba lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, na ya mahakama za chini ni Kiingereza au Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Imempa mtu anayekamatwa haki ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa. Na imempa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Tanzania imekwenda mbele zaidi, kwani sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama zake. Lakini mkalimani wa korti ya Nakuru bado anafanya kazi ambayo hakuna kamusi moja inayoitosheleza, na mafunzo yake ni jambo ambalo idara za Kiswahili haziwezi kuliachia wanasheria peke yao.

6. Kuondoa Mashtaka na Kuachilia Huru: Soysambu, 2005 hadi 2009

Kiasi cha miaka themanini baada ya kesi ya Kitosh, Bonde la Ufa lilirudi katika magazeti ya dunia. Mwezi wa Aprili 1905 hadi 2005 ni karne nzima, na katika karne hiyo shamba la Soysambu, karibu na Elmenteita, lilikuwa la ukoo wa Delamere kwa sehemu kubwa. Tarehe 19 Aprili 2005 Samson ole Sisina, askari wa wanyamapori, alipigwa risasi na kufa katika shamba hilo. Thomas Cholmondeley, kitukuu wa Lord Delamere wa tatu, alishtakiwa kwa mauaji. Alisema aliwadhani askari wale kuwa majambazi. Tarehe 18 Mei 2005, kabla ushahidi haujasikilizwa, Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliyaondoa mashtaka kwa hati ambayo wanasheria huiita kwa Kilatini nolle prosequi. Wamaasai waliandamana kwa hasira.

Maana ya hati hiyo ni kwamba mshtaki ameamua kutoendelea. Haisemi kwamba mshtakiwa hana hatia, na katika sheria haizuii mtu kushtakiwa tena. Kuachiliwa huru, kwa upande mwingine, ni uamuzi wa mahakama baada ya kuupima ushahidi, na mtu aliyeachiliwa hivyo hawezi kushtakiwa tena kwa kosa lilelile. Kiswahili cha magazeti mara nyingi husema "aliachiliwa huru" kwa yote mawili. Kwa hiyo lawama iliyostahili kuelekezwa kwa ofisi iliyoondoa mashtaka huelekezwa kwa jaji ambaye hakupewa nafasi ya kuamua lolote. Inapendekezwa kwamba istilahi hizi zitenganishwe daima: mashtaka yameondolewa, mshtakiwa ameachiliwa huru, mshtakiwa ametolewa kwa dhamana.

Tarehe 10 Mei 2006 mtu mwingine, Robert Njoya, fundi wa kujenga, aliuawa kwa risasi katika shamba lilelile. Safari hii kesi ilisikilizwa hadi mwisho katika Mahakama Kuu, Nairobi. Katikati yake, mwaka 2008, Mahakama ya Rufani iliamua jambo ambalo lingali likitajwa na mawakili: upande wa mashtaka lazima umpe mshtakiwa ushahidi wake kabla ya kesi, lakini mshtakiwa hawezi kulazimishwa kuufunulia upande wa mashtaka ushahidi wake. Mwezi wa Mei 2009 Jaji Muga Apondi alimwona Cholmondeley na hatia ya kuua bila kukusudia, si mauaji, akamhukumu kifungo cha miezi minane, mbali na miaka mitatu aliyokwisha kukaa rumande. Wengi waliona adhabu ni ndogo. Hata hivyo, kwa mwanahistoria wa istilahi ipo tofauti isiyofichika na mwaka 1923: mara hii hukumu ilikiri kwamba mtu aliuawa, na ilieleza sababu zake kwa maandishi. Juri haitoi sababu.

Nchini Marekani uwezo wa mwendesha mashtaka ni mkubwa vilevile. Katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura. Wale wa shirikisho huteuliwa na Rais. Zaidi ya hukumu tisa katika kila kumi za hatia hutokana na mapatano ya kukiri kosa, yaani mshtakiwa hukubali kosa dogo ili apunguziwe adhabu, na kesi haifiki mbele ya juri kabisa. Kenya iliingiza mapatano ya namna hiyo katika sheria yake mwaka 2008. Lakini katika mahakama za shirikisho la Marekani mwendesha mashtaka hawezi kuondoa mashtaka bila idhini ya mahakama, na Katiba ya Kenya ya 2010 imeweka sharti hilohilo. Mamlaka ya kushtaki yalitolewa kwa Mwanasheria Mkuu na kupewa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye lazima aombe ruhusa ya korti ili asiendelee na kesi. Hati kama ile ya 2005 haitoshi tena peke yake.

7. Mamlaka Yaliyopatikana: Arusha, 2017

Inafaa kurejea kwenye istilahi ya mamlaka, kwani historia yake haikuishia 1913. Waogiek wa msitu wa Mau, ambao sehemu yake imo Nakuru, walipinga kwa miaka mingi kuondolewa katika ardhi ya mababu zao. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa madai ya Waogiek wa Tinet. Baadaye jambo lao lilifikishwa na Tume ya Afrika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Serikali ya Kenya ilitoa pingamizi kwamba mahakama haikuwa na mamlaka. Pingamizi lilikataliwa. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ilitamka kwamba haki za Waogiek zimevunjwa, na tarehe 23 Juni 2022 iliamuru walipwe fidia ya shilingi 157,850,000 na ardhi yao ipimwe na kuandikwa kwa jina la jamii.

Kati ya Mombasa ya 1913 na Arusha ya 2017 imepita miaka 104. Mara ya kwanza jamii ya Bonde la Ufa iliambiwa haina mahali pa kudai. Mara ya pili ilipata mahali, ikasikilizwa, ikashinda. Lakini Novemba 2023 familia za Waogiek ziliondolewa tena katika sehemu ya Mau. Hapa istilahi nyingine inahitajika, nayo ni utekelezaji wa hukumu. Hukumu ni tamko; utekelezaji ni kazi ya serikali. Wacherokee walilijua hilo tangu 1832.

8. Hitimisho

Imeonekana kwamba istilahi nne au tano za msingi, yaani mamlaka, juri, wazee wa baraza, kuondoa mashtaka na kuachilia huru, haziwezi kuelezwa kwa kisawe kimoja cha kamusi. Kila moja ina historia, na katika Bonde la Ufa historia hiyo ni ya ardhi na ya watu waliokufa. Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya sheria. Kina maneno ya kutosha kutoka pwani, kutoka Uingereza na kutoka katika mizizi yake ya Kibantu. Upungufu uko katika mipaka ya maana.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, kamusi za sheria zieleze istilahi kwa kutumia kesi za Afrika Mashariki badala ya kufasiri vitabu vya ng'ambo. Pili, waandishi wa habari na wakalimani wa korti wafunzwe tofauti zilizotajwa hapa, hasa ile ya kuondolewa mashtaka na kuachiliwa huru. Tatu, wataalamu wa isimu wachunguze vitenzi vya kawaida kama taka, weza na jua jinsi vinavyotumika katika ushahidi, kwa kuwa maneno magumu humfanya mkalimani aulize, lakini maneno mepesi hupita bila kuulizwa.